Kitanda cha Apo Silverio

Waipahu, Hawaii
2 Juni 1988

Manang Basilia,

Nimefika salama. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu najua utauliza, na sitaki uulize. Ndege haikuanguka, mizigo haikupotea, na tumbo langu limeanza kurudi mahali pake baada ya yale mliyolifanyia.

Sasa nisikilize. Nimekuwa nikiiandika barua hii kichwani tangu kwenye basi la kutoka Laoag, na kila nilipoiandika ilikuwa na adabu kuliko hii. Adabu imeniishia.

Nilikuja Nagsabaran kwa jambo moja. Nililiandika kwenye barua yangu ya Februari, nikalirudia siku ya kwanza kabla hata sijavua viatu. Babu yangu Eusebio alipokuwa anakata roho Novemba iliyopita alinishika kifundo cha mkono, akaniapisha niende kwenu, niushike mkono wa mdogo wake Silverio, niuweke kwa heshima kwenye paji la uso wangu kwa niaba yake, na nimwombe msamaha. Kwa mdomo wangu, si kwa barua. Miaka sitini babu hakutia mguu huko wala hakumwandikia ndugu yake hata mstari mmoja, na mwishoni jambo hilo lilimtafuna. Mimi ni muuguzi. Nimeona watu wengi wakifa, na sijaona aliyeogopa kama yeye.

Siku ya kwanza mkaniambia babu yako, Apo Silverio, yuko milimani kwa rafiki yake, atashuka kesho. Mkachinja nguruwe. Siku ya pili, atashuka kesho. Mkachinja mbuzi, nikapewa ile supu yenye nyongo, na watu kumi wamesimama wananitazama nimeze. Siku ya tatu nikauliza ni mlima gani, niende mwenyewe. Mkaniletea bilinganya na bamia, majirani kumi na saba, na mmoja wao ana gitaa. Siku ya nne nilimvizia Nana Sidra, yule mama wa nyumba ya pili, nikamuuliza yeye. Akaingia ndani mbio, akatoka na yai la kuchemsha. Yai, Manang! Nililishika mkononi njia nzima nikitafuta pa kulitupa.

Nikitaka kuosha sahani yangu, mikono mitano inaninyang'anya. Nikitaka kuchota maji, mnapiga yowe. Nikilisifu blanketi la kitandani, linakunjwa na kusukumwa kwenye begi langu kabla sijamaliza sentensi. Mlinipa kila kitu ambacho sikukiomba, na kile kimoja nilichokiomba mkakizungushia vyakula nisikione.

Asubuhi ya siku ya sita nikaelewa. Hakuna mlima. Apo hataki kuniona, bado anamchukia babu, na katika nyumba nzima hakuna mwenye ujasiri wa kuniambia hivyo usoni. Ndiyo sababu niliondoka bila kuaga. Sikuwa na hamu ya kutabasamu tena.

Loreta Pascua


Nagsabaran, Ilocos Norte
24 Juni 1988

Ading Loreta,

Nakuita ading, mdogo wangu, kama unavyoniita manang, dada mkubwa, kwa sababu ndivyo ulivyo, hata kama umelelewa na mawimbi.

Barua yako niliisoma darasani wakati watoto wanafanya hesabu. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kuna aliyefariki?" Nikamwambia ndiyo, heshima.

Tuanze na kikapu. Wanawake watatu waliamka alfajiri kukuchomea ile mikate midogo ya mchele na nazi kwenye majani ya mgomba, vipande sitini, vya safari yako na vya mama yako huko. Mikono ya Nana Sidra ilibabuka. Ukakiona kikapu kwenye ngazi, ukakiruka. Ukakiruka, Loreta, mbele ya barabara nzima! Kilikaa pale mpaka adhuhuri, kwa sababu hakuna aliyejua chakula cha safari ambacho msafiri amekikataa anapewa nani. Mwishowe mbwa wakaamua.

Kulikuwa na wapiga muziki wanakuja Jumamosi kukuaga. Nikaenda kwa miguu mpaka kwao kuwaambia umepata habari za mgonjwa Hawaii. Mimi, ninayefundisha watoto katekisimu, nimesema uongo kwa sababu yako, na padri bado hajui.

Unasema tulikulisha ili unyamaze. Ulikula nini cha kukunyamazisha? Kijiko kimoja cha kila kitu, kama mtu anayeonja dawa. Mama yangu mpaka leo anauliza kama tuliweka chumvi nyingi.

Kuhusu Apo: alikuwa milimani. Mvua iliharibu njia. Mzee wa miaka sabini na sita hakimbii kuteremka mlima eti kwa kuwa mjukuu wa mtu ameshika tiketi. Ungengoja siku mbili zaidi kama ulivyoahidi, nani ajuaye.

Na kwa kuwa umeanza kuhesabu tuliyokutendea, hesabu na hili. Nyumba hii ina kitanda kimoja chenye godoro, nacho ulilalia wewe. Sisi saba tulikuwa kwenye mikeka, tukicheka ili usisikie migongo ikilia. Hukuuliza hata mara moja kitanda kile ni cha nani.

Mama anakusalimu. Mimi bado.

Basilia Pascua


Waipahu
15 Julai 1988

Manang Basilia,

Picha zangu zimetoka kusafishwa.

Kuna moja tuliyopiga uani siku ya tano, mnaikumbuka: mimi katikati nimevishwa shada la maua, ninyi wote mmenibana, mama yako amefumba macho. Nyuma ya bega langu la kulia ni nyumba ya Nana Sidra, na dirisha lake limefunguliwa. Dirishani amekaa mzee.

Niliipeleka ikuzwe. Nikangoja wiki nzima, na juzi nimeipata. Yule mzee sikio lake la kushoto limejikunja kwa juu. Manang, sikio lile mimi nimelinyolea nywele pembeni yake miaka mitatu babu alipokuwa hawezi kujinyoa. Hakuna watu wawili wasio ndugu wenye sikio lile.

Anatutazama. Anatutazama tukipiga picha!

Nimehesabu kutoka kwenye ngazi yenu. Ni hatua ishirini, labda ishirini na mbili kama mtu anamkwepa yule jogoo. Siku sita nilikuwa nauliza mlima, naye alikuwa hatua ishirini ananisikia nikiuliza. Nana Sidra alikimbilia ndani kuniletea yai, na humo ndani ndimo alimokuwa.

Na mvua haikunyesha. Hata tone. Nilifua nguo zangu siku mbili mfululizo kwa siri na zikakauka kabla hamjaniona. Ukitaka kunidanganya, mwalimu, angalia kwanza anga.

Nataka maneno ya kweli, na nayataka kwa posta ijayo. Usiniandikie habari za mama yako wala za chumvi.

Loreta


Nagsabaran
8 Agosti 1988

Ading Loreta,

Ndiyo. Ni yeye.

Nimekaa na sentensi hiyo siku tatu. Sasa acha niimalize, na usinikatize.

Babu yangu ana kisukari. Ana kidonda mguuni tangu mwaka juzi, vidole viwili vimekwisha kuondoka, na kidonda kina harufu. Tunakiosha, tunachoma majani chumbani, harufu inabaki. Mtu akipanda ngazi yetu anaisikia kabla hajasalimiwa. Watu wameacha kuja kwetu, Loreta, na wanaokuja hawakai. Unajua maana yake hiyo kwa nyumba kama yetu? Apo alikuwa mtu ambaye wapita njia hawakuthubutu kupita bila kuketi.

Barua yako ya Februari ilipofika nilimsomea. Kesho yake akasema, "Mgeni atalala kwenye kitanda changu. Mimi mnipeleke kwa Sidra. Asinione hivi." Wanaume wanne walimbeba akiwa kwenye kiti. Tukasugua sakafu kwa majivu na siki mara tatu, tukatoa godoro juani wiki nzima, tukapaka chokaa ukuta wa chumba. Hukunusa kitu, sivyo? Basi tulifaulu.

Kila asubuhi ulipokuwa unapiga mswaki nilikuwa nakwenda kwake, na swali lake lilikuwa moja: umelala vizuri, umekula nini. Nikimwambia umekula kidogo, ananigombeza mimi.

Lile blanketi ulilolisifu, alilifuma marehemu bibi yangu. Apo amejifunika hilo miaka thelathini. Nilikwenda kumwambia kwamba mgeni amelisifu, nikitumaini atasema tulifiche. Akaniambia, "Kama amelisifu, kwa nini bado liko kitandani?" Nikarudi nikalikunja. Nilikuwa na hasira na wewe kwa kulisifu, na hasira na yeye kwa kulitoa. Mama alikuwa na hasira na mimi kwa kwenda kumwambia. Siku zile sita nyumba nzima ilikuwa na hasira huku inatabasamu, na wewe ukadhani ni tabasamu tupu.

Sasa unaweza kunitukana. Lakini kwanza niambie, ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungempokea mtu wa damu yako, aliyevuka bahari kwa mara ya kwanza, kwenye harufu ya nyama inayooza?

Manang wako


Waipahu
25 Agosti 1988

Manang Basilia,

Unaniuliza ningefanya nini. Ningemwosha!

Unajua kazi yangu ni ipi hapa hospitali? Hamkuuliza. Mliniuliza kama nimeolewa, mara kumi na nne, na kwa nini sijaolewa, na kama nywele zangu ni za kweli. Hakuna aliyeniuliza kazi yangu inafanyika vipi. Mimi ni wa vidonda, Manang. Miguu ya wazee wenye kisukari, hiyo ndiyo kazi yangu, Jumatatu mpaka Ijumaa. Nusu yao ni Wailoko wenzetu wa mashamba ya miwa, wazee wa rika la babu. Harufu unayoiogopa wewe, mimi huingia nayo nyumbani kwenye nywele. Nakula nayo chakula cha mchana.

Nilikuwa na bandeji kwenye begi. Nilikuwa na dawa. Nilikuwa na mikono miwili ambayo mliinyang'anya kila ilipogusa sahani. Siku sita za kusafisha mguu ule vizuri, unajua zingefanya nini? Vidole viwili vimekwenda, na huenda cha tatu kilikuwa kinaamua kuondoka wakati mimi nimekaa mbele ya nguruwe nasikiliza gitaa. Mlimtoa mgonjwa kwenye godoro, mkambeba kwenye kiti, mkamlaza sakafuni kwa jirani, ili mimi mwenye miaka ishirini na sita na mgongo mzima nilale vizuri. Sikulala vizuri. Godoro lina shimo katikati, na sasa najua ni la nani.

Nina hasira mpaka herufi zinanicheza. Mmenifanya niwe mtu aliyemfukuza mgonjwa kitandani, na hamkuniuliza kama nataka kuwa mtu huyo.

Nimetuma kasha kwa ndege. Ndani kuna bandeji, dawa, soksi zisizobana na karatasi ya maelekezo. Lakini usingoje kasha. Mpelekeni kwa daktari mjini wiki hii hii, msichome majani mengine, na msiweke siki karibu na mguu huo.

Blanketi nimelitoa kitandani kwangu. Nitalirudisha.

Na uisome barua hii mbele yake kwa sauti, yote, bila kuruka. Mwisho msomee hivi: Apo Silverio, sasa najua ilikuwa aibu ya mguu tu, wala si chuki. Basi niambie. Umemsamehe babu yangu? Naomba neno moja tu.

Loreta


Nagsabaran
20 Septemba 1988

Loreta, mjukuu wa Sebio,

Anayeandika ni Basilia, anayesema ni mimi. Nimemkataza kulainisha.

Daktari amenikata kidole cha tatu na amesema mguu utabaki. Kwa hilo nakushukuru. Soksi sizitaki, lakini nimezivaa.

Sasa ulitaka neno moja. Neno ni hapana.

Basilia anaamini nilihamia kwa Sidra kwa sababu ya mguu. Mama yake anaamini hivyo, Sidra anaamini hivyo, nawe umeamini. Niliwaambia ni mguu kwa sababu mguu watu wanauelewa. Ningeweza kukaa na mguu wangu kwenye kiti changu, nikaufunika, ukaziba pua, tukazungumza. Sijawahi kumwonea haya mtu kwa ajili ya nyama yangu.

(Basilia ameacha kuandika, ananitazama. Andika, wewe.)

Sikiliza. Mimi ndiye mwenye nyumba. Katika nyumba yangu mgeni hajaomba kitu akakikosa, tangu nilipoijenga mwaka 1936. Mwaka mmoja alikuja mkubwa wa serikali kula chakula cha mchana, akamsifu jogoo wangu wa kupigana, jogoo ambaye nilimpenda kuliko watu wengi. Akaondoka naye kwapani. Nilimchukia mtu yule mpaka alipozikwa, na nilikwenda kumzika. Ndivyo nilivyo, na siwezi kubadilika kwa ajili yako.

Barua yako ya Februari ilisema waziwazi unakuja kuomba nini. Basi nikafikiri. Huyu mtoto atapanda ngazi yangu, atashika mkono wangu, atapiga magoti aombe, nami nitasema ndiyo kabla hajamaliza kuomba. Nitasema kama nilivyosema kuhusu jogoo. Naye atakwenda kulala akidhani ameupata, na mimi nitakuwa nimempa kitu ambacho sina. Blanketi nilikuwa nalo. Msamaha sina.

Kwa hiyo niliondoka nyumbani mwangu. Kwa Sidra mimi si mwenye nyumba, ni mzigo tu, na mzigo unaweza kukaa kimya.

Nitakuambia nina nini. Mwaka 1928 nilikuwa na miaka kumi na sita. Sebio alipokwenda Hawaii kwenye mashamba ya miwa, alisimama chini ya ngazi ya baba akaniambia, "Nikipata mahali pa kukulaza, nitakuita." Nilikwenda posta kila Jumamosi miaka mitatu, saa mbili kwenda, saa mbili kurudi. Jirani yetu Ambo alikuwa na ndugu kambi moja na Sebio, na ndugu huyo aliandika. Ambo ananisomea: Sebio mzima, Sebio anapiga gitaa, Sebio anawachekesha watu. Mkono aliopigia gitaa haukuweza kushika kalamu?

Baba nilimzika mimi. Mama alipokuwa anakufa macho yameshakwenda, aliniita Sebio. Siku nne aliniita Sebio, na mimi nikamwitikia. Alinibariki kwa jina lake, na baraka zangu mwenyewe sijazipata mpaka leo.

Kwa barua naweza kukuambia hapana, kwa sababu hujaketi mbele yangu na sahani. Blanketi ni lako. Ukilirudisha nitalichoma.

Silverio Pascua (alama ya kidole)

Ading, ni mimi Basilia, hapa chini, na yeye haoni. Sikujua. Miaka yote nimeishi naye sikujua kuhusu mama yake na lile jina. Amemaliza kusema, amegeukia ukutani.


Waipahu
10 Oktoba 1988

Apo Silverio,

Hapana yako nimeipokea. Nimeisoma kwenye basi, na mtu wa kiti cha jirani akanipa kitambaa chake. Ni jambo la kwanza la kweli nililopata kutoka nyumba yako, na nakushukuru kwa hilo kuliko kwa nguruwe.

Sasa na mimi nitasema bila kulainishwa na mtu.

Unajua babu alilala wapi? Miaka tisa alilala kwenye ubao, ghorofa ya kati, mtu mmoja juu yake na mwingine chini, wanaume arobaini kwenye banda moja. Akigeuka, kichwa kinagonga ubao wa juu. Msimamizi alipita na farasi saa kumi alfajiri akipiga fimbo ukutani. Hilo gitaa lilikuwa la mtu aliyekufa. Alikuambia nikipata mahali pa kukulaza nitakuita, na kila Desemba alipotaka kuandika aliutazama ubao ule akasema, nitamwambia nini, aje alale wapi? Akasema mwakani. Alipooa mwaka 1937 akapata chumba, kimya kilikuwa na miaka tisa, na akaona haya kuandika "sasa njoo" kwa mtu aliyemngojesha miaka tisa. Ikaja vita. Akaona haya zaidi. Mama yenu akafa, akaijua habari hiyo kwa barua ya Ambo, na baada ya hapo hakuweza tena hata kulisema jina lako. Aliniambia haya yote siku ile aliponishika mkono, na nilipaswa kukuambia nikiwa nimepiga magoti, si hivi.

Sisemi hayo ili umsamehe. Alifanya vibaya. Kipande kimoja cha karatasi kingetosha, kimeandikwa "nalala vibaya, nakupenda, usije," na angekuokolea Jumamosi mia na hamsini. Nina hasira naye kama nilivyo na hasira nawe. Yeye hakukuita kwa kuwa hana mahali pa kukulaza, na wewe ukatoka kitandani usije ukanipa kisicho chako. Wote wawili wapumbavu wa kiwango kimoja, na mimi ndiye ninayezunguka baharini kuwapelekea ujumbe.

Ndiyo, nimekuita mpumbavu. Mgeni hawezi kusema hivyo. Basi ujue mimi si mgeni.

Nakuja tarehe 3 Desemba. Asichinjwe mnyama. Kitanda ni chako na utakuwa juu yake nitakapopanda ngazi, na mimi nitalala mkekani karibu na Manang Basilia, ambaye nasikia anakoroma. Vyombo nitaosha mimi, maji nitachota mimi. Nikisifu kitu, mninyime. Mguu nitaufungua kila asubuhi, nitausafisha mpaka panapouma, na unaweza kunitukana utakavyo.

Halafu nitakuomba. Ukiwa na hapana, nipe hapana usoni. Nitakwenda kuosha vyombo, na kesho yake nitakuomba tena. Nina likizo ya siku thelathini.

Mjukuu wako,
Loreta


Nagsabaran
2 Novemba 1988

Ading Loreta,

Sikoromi. Tutalizungumza hilo ukifika.

Barua yako nimemsomea Apo mara nne. Mara ya kwanza alisema una mdomo mchafu. Mara ya pili aliniuliza ubao wa ghorofa ya kati una upana gani. Mara ya tatu na ya nne alinirudisha kwenye mstari wa ubao. Jana tulikwenda makaburini kusafisha, tukambeba na yeye. Alikaa mbele ya kaburi la mama yake muda mrefu, akarudi na hasira, akagombana na mama yangu kuhusu mishumaa.

Leo asubuhi ameniita chumbani. Akaniambia niketi mkekani pale utakapoketi wewe. "Wewe ni yule mtoto wa Hawaii," akasema. "Niombe. Nataka nijue kama ninaweza kumkatalia mtu aliye chini ya paa langu."

Nikaketi. Nikaushika mkono wake, nikauweka kwenye paji la uso, nikasema maneno yako: Apo, nakuomba umsamehe Sebio. Nilianza kwa mchezo, Loreta, lakini nilipofika kwenye jina haukuwa mchezo tena.

Akanitazama. Akakunja uso, akajikaza, mishipa ya shingo ikasimama. Akafungua mdomo.

"Umekula?" akaniuliza.

Halafu alikasirika vibaya sana. Amenifukuza chumbani, amesema nimeomba kwa hila, na kwamba kesho tutajaribu tena. Anasema ana mwezi mzima wa kujifunza. Usingoje tarehe tatu, tafuta ndege ya mapema, ufike kabla hajaweza kukataa.

Manang wako,
Basilia